'Mpenda Maendeleo' ni nani, na fedha kazitoa wapi?

Kama umewahi kupanda basi la Dodoma kwenda Singida, basi Issuna umeipita. Wengi huipita wamelala. Ukishaiacha Manyoni nyuma, kabla hujafika Ikungi, kuna vibanda kando ya lami, kuna mafuta ya alizeti kwenye madumu, kuna kuku wamefungwa miguu wanangoja abiria. Mimi nilishuka. Nilikuwa na shughuli ya kifamilia, na katika kuzungukazunguka nikakuta mzee mmoja ameanika alizeti yake uani juu ya turubai.

Turubai lenyewe lilikuwa bango la uchaguzi. Uso wa mheshimiwa umelala chali, jua la Singida linamchoma, na alizeti imemjaa mpaka kwenye meno. Nikasogea nisome. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya: Limeletwa kwenu na Wapenda Maendeleo. Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna sanduku la posta, hakuna namba ya simu, hakuna jina la aliyelichapa.

"Mzee," nikamuuliza, "hawa Wapenda Maendeleo ni akina nani?"

"Mwanangu, hata mimi sijawaona. Walikuja usiku na gari, wakalifunga mtini, wakaenda zao. Uchaguzi ulipokwisha nikalifungua. Turubai zuri hili, dukani ni fedha nyingi."

Tulicheka wote wawili. Lakini nilipopanda basi la kurudi Dar es Salaam kicheko kilikuwa kimeniisha. Mheshimiwa yule simtaji, kwa sababu ukimuuliza leo anaweza kukuapia kwamba hajui nani alitengeneza lile bango, na inawezekana kabisa anasema kweli. Hapo ndipo penye balaa. Mtu asiyejulikana anatumia fedha zisizojulikana kumpeleka Bungeni mtu anayejulikana, halafu siku moja atakwenda kumbisha hodi. Wewe uliyepiga kura hutajua aliyebisha ni nani wala anadai nini.

Sasa wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni Manzese, au unayesubiri abiria na pikipiki yako Mbagala, usiseme mambo ya mabango ni ya wakubwa. Kumbuka msimu wa kampeni. Alikuja jamaa mmoja kijiweni, hujawahi kumwona, akasema wadau wanataka pikipiki 30 za msafara. Mafuta lita mbili, fulana moja, na mshiko kidogo jioni. Hakusema mgombea kamtuma. Alisema wadau. Ukavaa fulana, ukapiga honi, ukarudi nyumbani. Je, siku TAKUKURU wakiamua kuuliza, nani atakutwa na ushahidi mwilini? Ni wewe mwenye fulana. Mdau alikwishaondoka na gari lake lenye vioo vya giza.

Tuirudie historia kidogo, maana nchi hii ina ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2000 Bunge liliibadili Sheria ya Uchaguzi na kuingiza ile kitu iliyoitwa takrima. Eti mgombea akigawa chakula, vinywaji na vizawadi kwa nia njema ya kuwakirimu wapiga kura, hiyo si rushwa, ni mila zetu za ukarimu. Kiini macho kitupu! Mwafrika gani anayekirimu wageni mara moja kila miaka mitano? Asasi tatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, zikaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji wakavifuta vifungu vile kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na kitu na vinakiuka Katiba. Lakini hukumu ilikuja baada ya uchaguzi wa 2000 na wa 2005 kwisha. Waliokirimu walikuwa wamekwishakaa vitini.

Halafu likaja suala la EPA. Ukaguzi wa akaunti ile ya madeni ya nje pale Benki Kuu ulionyesha kwamba makampuni 22 yalichotewa Sh. bilioni 133 isivyo halali, na mwezi Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa. Fedha zilitoka katika kipindi cha uchaguzi wa 2005. Mitaani na majukwaani yakatolewa madai kwamba sehemu yake iliingia kwenye kampeni, chama tawala kikakanusha. Mimi sisemi ziliingia. Nasema tu kwamba wakati ule hapakuwa na daftari lolote ambalo mwananchi angelifungua akaona kama ziliingia au hazikuingia. Anayesema ndiyo hana karatasi, na anayesema hapana hana karatasi vilevile.

Ndipo ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Rais Kikwete aliisaini hadharani Machi 17 mwaka huo, kamera zikawaka. Wino haujakauka, Dk. Willibrod Slaa, wakati ule Mbunge wa Karatu, akalalamika kwamba mlikuwa na maneno ambayo Bunge halikuyapitisha. Tuliache hilo. Tuitazame sheria yenyewe ilivyopitishwa, maana ina mazuri yake na si haki kuipaka matope yote. Ilimtaka mgombea aeleze chama chake ana fedha kiasi gani na anategemea kupata nyingine wapi. Ilitaka michango inayozidi Sh. milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, na inayozidi Sh. milioni 2 kutoka kwa taasisi, itajwe kwa Msajili wa Vyama. Ilimpa Waziri kazi ya kuweka kikomo cha matumizi, na kwa uchaguzi wa 2010 kikomo cha urais kikawa Sh. bilioni 5. Ilizitaka pia asasi zisizo za kiserikali, za dini na za kijamii, zikishiriki uhamasishaji wakati wa uchaguzi, zipeleke hesabu zao.

Umeona wanaotajwa? Chama. Mgombea. Asasi. Sasa mtafute humo yule Mpenda Maendeleo wetu wa Issuna. Yeye si chama, si mgombea, si asasi, hana hata muhuri. Ni tajiri mmoja, au matajiri watano, wamekutana hotelini wakakubaliana kuchapa mabango mia tatu. Hawakumkabidhi mgombea senti hata moja, kwa hiyo mgombea hana mchango wa kutangaza. Mgombea hakununua mabango, kwa hiyo hana gharama ya kuandika. Bango limetundikwa, kura zimeombwa, na katika vitabu vyote vya Msajili ni kama vile lile bango liliota mtini lenyewe!

Vyama vyote vinaonja asali hiyo, tusidanganyane kwa kuwa hili ni gazeti la upinzani. Mwaka 2015 upande wa Lowassa ulikuwa na 4U Movement, na upande wa Magufuli ulikuwa na Mama Ongea na Mwanao. Watu kujikusanya na kumpigia debe wanayemtaka si kosa, ni haki yao, na sisemi kundi lolote kati ya hayo lilivunja sheria. Swali langu ni la mtu wa kawaida: fulana, jukwaa, mafuta na vipaza sauti, nani alilipa? Waliokuwa wakishangilia chini ya jukwaa hawakujua, na wengi hawakujali. Nami nilikuwa mmojawapo wa wasiojali, nikiwa na kofia ya bure kichwani.

Agosti 2025 chama tawala kilifanya harambee pale Mlimani City na kutangaza kuwa kimepata zaidi ya Sh. bilioni 80, taslimu pamoja na ahadi, kwa usiku mmoja. Wengi walikasirika. Mimi nilikasirika pia, lakini nikajisemea kwamba pale angalau mtu alisimama kwenye kipaza sauti, akataja jina lake na alichotoa. Ukitaka kumfuatilia kesho kama amepata tenda, unajua pa kuanzia. Mpenda Maendeleo hakuhudhuria harambee.

Na hata yale yanayoandikwa, yanaandikwa lini? Sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wakubwa wanapotupiga chenga. Kwa sheria ile chama kilipewa siku 180 baada ya kura kupeleka taarifa ya gharama zake. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 1985, ambayo imeandikwa upya mwaka 2024, ilimpa mlalamikaji siku 30 tu tangu matokeo kutangazwa afungue kesi ya kupinga ubunge. Akitaka kufungua, aweke dhamana ya mpaka Sh. milioni 5 kwa kila anayemshitaki. Piga hesabu mwenyewe. Mlango wa mahakama unafungwa mwezi wa kwanza, ushahidi unawasili mwezi wa sita. Hiyo ni sawa na kumwambia mgonjwa vipimo vyako vitatoka baada ya arobaini.

Wapo watakaoniambia, "Bwana, mbona unahangaika na mabango, rafu kubwa ni ya vyombo vya dola." Sikatai. Kijana wa leo hajui habari ya Kigoma Mjini. Kwenye uchaguzi mdogo wa mwaka 1994, Dk. Aman Kabourou wa CHADEMA alipambana na mgombea wa CCM. Kabourou akashindwa, akaenda mahakamani. Hoja mojawapo ilikuwa Redio Tanzania, redio ya umma, iliyokuwa ikitangaza kwa kuegemea upande mmoja. Ubunge ule ukatenguliwa, na kesi ilipofika Mahakama ya Rufani majaji nao wakakubali kwamba redio ile haikutenda haki. Redio haikuwa mgombea wala haikuwa chama. Ilikuwa mtu wa tatu aliyeingia ulingoni na kurusha ngumi kwa fedha za walipa kodi, wakiwemo wapiga kura wa Kabourou. Kwa hiyo jambo hili si geni nchini mwetu wala halikuletwa na simu za mkononi. Tofauti ni kwamba redio ilikuwa na anwani, ikashitakika.

Siku hizi anwani haipo. Waangalie jirani zetu wa Kenya mwaka 2017. Kabla ya kura ya Agosti ile, simu za vijana zilijaa matangazo ya tovuti moja iliyojiita The Real Raila. Ilikuwa na video ya kutisha ikionyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya Raila Odinga: magonjwa, njaa, maji hakuna. Nyingine ikamsifu Uhuru Kenyatta. Nani kalipa? Haikuandikwa. Mwezi Desemba, uchaguzi umekwisha na umerudiwa, shirika la Privacy International la Uingereza likaeleza kwamba kazi zile zilitengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Texas! Mtu wa Texas anamtisha mkulima wa Kisumu, na mkulima hajui kama anayemtisha ni jirani yake au ni nani. Tena Kenya walikuwa na Sheria ya Fedha za Kampeni tangu 2013, lakini waliiweka kabatini. Mwaka 2021 Tume yao ilipotangaza vikomo, wabunge wakavikataa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Kumbe wabunge ni walewale, hata wakivuka Namanga.

Basi tufanyeje? Kuna watakaosema tupige marufuku, asiye mgombea wala chama asichape kitu. Hapo mimi nasema hapana, na nakuomba uvumilie nikueleze kwa nini, maana ni rahisi kuunga mkono marufuku ukiwa na hasira.

Uingereza walikuwa na sheria ya namna hiyo. Mtu wa pembeni hakuruhusiwa kutumia zaidi ya paundi 5 kumpigia debe au kumpinga mgombea. Paundi 5, hata karatasi hazitoshi. Mwaka 1992 mama mmoja, Phyllis Bowman, mpinzani wa utoaji mimba, aligawa vipeperushi vipatavyo 25,000 katika jimbo la Halifax akieleza msimamo wa kila mgombea juu ya jambo hilo. Wakamshitaki. Kesi ikaanguka kwa sababu ya kuchelewa kufunguliwa, lakini yeye akaipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Februari 1998 akashinda. Majaji walisema kikomo kile kidogo kilikuwa kwa kweli ni kumziba mdomo. Unaweza ukachukia msimamo wa mama yule, lakini je, ukitaka wewe na wenzako wa kijiweni mchange mchape vipeperushi kuuliza wagombea wote kuhusu ushuru wa bodaboda, ungependa polisi waje?

Kwetu sisi hatari hiyo ni kubwa zaidi. Hapa sheria ikishatungwa humkuta mdogo kwanza. Asasi inayofundisha elimu ya uraia kijijini itabanwa, iulizwe risiti ya soda, huku mwenye malori anapita. Na kuna jambo jingine ambalo sisi wa upinzani tunalijua mifupani: mfanyabiashara akijulikana ametuchangia, kesho atagongewa mlango na watu wa kodi, keshokutwa leseni yake ina kasoro. Ukimwambia mwenye duka la jumla Kariakoo kwamba jina lake litabandikwa ukutani kwa kuchangia laki mbili, hatatoa. Kwa hiyo mtu anayedai kila mchangiaji atajwe jina, hata wa elfu kumi, anaweza kuwa na nia njema, lakini kisu chake kitatukata sisi.

Ndiyo maana nasema ukubwa ndio uamue. Canada walifanya hivyo katika sheria yao ya mwaka 2000: anayetumia chini ya dola 500 kwa matangazo ya uchaguzi aachwe, akifika hapo ajiandikishe na ataje jina lake, na kuna kikomo cha juu asichoweza kuvuka. Kesi ikafunguliwa kwamba huko ni kuminya uhuru, na mwaka 2004 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikasema kikomo kinafaa, kwa sababu tajiri akiachiwa kipaza sauti chote wengine hawasikiki. Marekani wakaenda njia nyingine mwaka 2010 katika shauri la Citizens United: makampuni yakaruhusiwa kutumia yatakavyo, mradi yasipange pamoja na mgombea. Matokeo yake sote tunayaona kwenye televisheni.

Kwetu kiwango kiwe kipi? Mimi si Waziri. Ila kiwe mahali ambapo kikundi cha vijana kikichanga hakiguswi, na mtu wa mabango mia tatu hawezi kujificha. Mwenye kuvuka hapo ajiandikishe kwa Msajili kabla hajachapa, wala si baada ya siku 180, na orodha ibandikwe ofisi ya kata ambako mzee wa Issuna anaweza kwenda kwa miguu akaisoma. Akikutwa amekubaliana na mgombea, gharama ziingizwe kwa mgombea na zihesabiwe kwenye kikomo chake.

Na mchapaji atajwe. India wana kifungu hicho tangu zamani: karatasi ya uchaguzi isiyo na jina na anwani ya mchapaji na mchapishaji ni kosa. Mbona magazeti ya nchi hii yanatakiwa kuonyesha yanachapwa wapi na nani? Geuza hili ulilonalo mkononi, utaona. Tukikosea neno moja, wanajua pa kutukuta. Bango la mita sita linalomwombea mtu kura za jimbo zima linatundikwa bila hata namba ya simu. Haiingii akilini.

Wachapaji wenyewe watapiga kelele, najua. Rafiki yangu mmoja ana mashine ya kuchapa fulana, aliniambia wazi: "Kaka, mteja wa uchaguzi analipa taslimu na haombi risiti. Nikimwuliza jina ataenda kwa jirani." Nikamjibu kwamba sheria ikimbana na jirani pia, hatakuwa na pa kwenda. Akafikiri kidogo akasema, labda Nairobi. Sikuwa na jibu. Forodha wana macho lakini usiku ni mrefu.

Wakati tunangoja Bunge liamke, kuna kitu kimoja hakihitaji Bunge. Jamaa wa wadau akija tena kijiweni na furushi la fulana, kabla hujapokea mafuta mwombe akuandikie jina lake na jina la aliyemtuma kwenye karatasi, aweke sahihi. Jamaa mmoja wa Tandika alijaribu hivyo. Mdau akasema anakwenda kuchukua kalamu kwenye gari.